Wafuasi 11,000 hawakunisaidia, vikaratasi vya basi ndivyo viliniokoa



Leo sitaongelea saa nzuri ya kuposti wala jinsi ya kupiga picha bila kivuli. Leo nataka tubishane kidogo. Mimi nasema hivi: kama unauza mtandaoni na huna orodha ya namba za wateja wako iliyoandikwa mahali nje ya mtandao, bado huna biashara. Una ukurasa tu, na ukurasa si wako.

Najua kuna watakaonuna. Subirini kwanza niwaeleze yaliyonikuta.

Mimi nauza nguo za watoto, kuanzia kichanga mpaka miaka kumi. Mzigo nachukua Kariakoo, naposti, mteja analipa, wa Dar namtumia kwa bodaboda, wa mikoani natuma kwa basi. Sina fremu, duka langu ni kabati la chumbani na simu. Nilikuwa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa picha, jina tuliache, na nilikuwa na wafuasi 11,000 na ushee. Niliwakusanya miaka mitatu, sikununua hata mmoja. Oda zote zilikuwa zinakuja humo humo kwenye ujumbe wa ukurasa. Mteja anaandika, namjibu, tunamalizana, namsahau.

Jioni moja niko napanga picha za mzigo wa Idi, ikaingia meseji. Ina nembo, ina maneno mazito: ukurasa wako umelalamikiwa kwa kutumia picha za watu bila ruhusa, utafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa ujitetee. Sasa wote tunajuana humu, tunavyochukua picha za wauzaji wa China na kuziweka kama zetu. Nikajiona nina kosa kweli. Hofu ikanishika, nikabonyeza, nikaandika neno la siri, na zile namba sita za uthibitisho zilipoingia kwenye simu nikaziandika pia. Chai yangu ilikuwa haijapoa, nikatolewa nje ya akaunti yangu mwenyewe.

Kesho yake ukurasa wangu unatangaza kuwekeza kwenye sarafu za mtandaoni. Jina langu lile lile, picha yangu nimembeba mwanangu, na chini yake mtu anawaambia wateja wangu watume laki moja wapate laki tano. Wateja wawili walituma. Mmoja alipata namba yangu kwa ndugu yake, akanipigia analia. Nilimrudishia kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sikuichukua mimi, lakini alituma akijua anamtumia nani.

Niliandika kwa wenye mtandao. Nilijaza fomu, nikatuma video ya uso wangu nikigeuza kichwa kulia na kushoto. Majibu yakaja ya mashine, yale yale kila siku, mpaka nikachoka.

Siku ya nne nikakaa kitandani nikajiuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza tangu siku ya kwanza: hivi wateja wangu ni akina nani? Sikuwajua. Nilijua majina yao ya mtandaoni, yale ya maua na malkia wa nanii. Namba ya mtu sina. Anapokaa mtu sijui. Mwanamke amenunua kwangu mara sita, tukipishana stendi simjui.

Halafu nikakumbuka boksi la viatu.

Ukituma mzigo kwa basi, ofisi ya vifurushi inakupa kikaratasi. Pale pameandikwa jina la mpokeaji, mkoa, na namba yake ya simu, maana bila namba hawatampigia mzigo ukifika. Mimi vile vikaratasi nilikuwa navitupia kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Si kwa akili, ni kwa uvivu wa kwenda kuvitupa. Nikalimwaga lile boksi kitandani. Nikafungua meseji za pesa kwenye simu, kila aliyenitumia kwa namba ya kawaida jina lake na namba vipo pale. Nikamwita kaka wa bodaboda ninayemtumia siku zote, akafungua simu yake, namba za wateja wa Tabata, Kimara na Mbagala anazo yeye, mimi sina!

Usiku wa pili nikawa nimeandika watu 312 kwenye daftari la shule la mwanangu.

Hapo ndipo nilipopata somo langu, na ndiyo sababu ya kuandika leo. Wafuasi elfu kumi na moja, waliowahi kunipa hela na wakaonekana kwenye karatasi ni 312. Wengine wote ni watazamaji. Si watu wabaya, walinipa mioyo, waliandika "nzuri dear", baadhi ni wauzaji wenzangu waliokuja kuchungulia bei. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa nahangaika kuwafurahisha hao, na hawa 312 waliolipia ada ya mwanangu sikuwahi kuwatumia hata salamu.

Niliwatumia meseji ya kawaida, mmoja mmoja, kwa siku tatu. Si ya kunakili na kubandika, kila mtu nilimtajia alichonunua. "Habari dada, ni mimi wa nguo za watoto, nilikutumia gauni la njano kwa basi la Mbeya. Ukurasa wangu umeibiwa, ukiona tangazo la kuwekeza hela si mimi. Mimi nipo, namba yangu ni hii. Mzigo wa Idi umefika, nikutumie picha?" Basi.

Mwezi ule nilipata oda 58 kutoka kwenye daftari. Mwezi wangu mzuri kabla ya hapo, nikiwa na ukurasa mzima na nimelipia matangazo, nilipata sabini na kidogo. Fanya hesabu mwenyewe, na usisahau kwamba hizi 58 hazikunigharimu tangazo hata la shilingi mia, ni bando la meseji tu.

Mtu ataniambia, "Wewe ulibonyeza linki ya kijinga, mimi siwezi." Sawa, niite mjinga. Lakini ukurasa haupotei kwa wezi tu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa mpigo dunia nzima, kwa karibu saa sita. Zote tatu ni za kampuni moja, kwa hiyo tatizo lao likawa tatizo moja kwa kila mtu. Kwetu huku ilianza kabla ya saa moja jioni ikaenda mpaka baada ya saa sita usiku. Muuzaji yeyote wa mtandaoni anajua hizo ni saa gani: watu wametoka kazini, wameshika simu, ndiyo muda wa kuuza. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikawa ya kuhesabu Tanzania, Kenya na nchi jirani. Uganda nako, Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ilifunga Facebook, na mitandao mingine iliporudi, Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Mfikirie muuzaji wa Kampala aliyekuwa na kila kitu chake pale, mteja wake sasa hampati mpaka ajue kuzunguka kwa VPN.

Hakuna kati ya hao aliyebonyeza linki.

Mnawakumbuka wamachinga wa Kariakoo walivyohamishwa barabarani mwishoni mwa 2021? Walipoambiwa ondokeni, meza iliondoka, kibao kiliondoka, lile eneo alilolizoea kila mtu likabaki la magari. Waliokuwa na namba za wateja walipiga simu: "Dada, sasa hivi nipo huku, njoo." Waliokuwa wanategemea mpita njia walianza moja. Sisi wa mtandaoni tunajiona wajanja kuliko machinga, kumbe na sisi tumepanga bidhaa kwenye kibaraza cha mtu. Tofauti ni kwamba mwenye kibaraza chetu hata lugha yetu haijui, na akitufukuza hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kumwendea.

Sasa naomba nieleweke. Sisemi ufute ukurasa. Mimi mwenyewe nimefungua mwingine, una wafuasi 2,000 hivi na unafanya kazi. Bila mtandao, mama wa Songea angenijulia wapi? Ninachosema ni kazi ya ukurasa ni kukutanisha. Mkishakutana, mteja mchukue umpeleke nyumbani kwako, yaani kwenye daftari. Siku hizi nikimaliza kuposti sihesabu mioyo. Nahesabu namba mpya ngapi zimeingia wiki hii. Wiki nyingine ni nne tu, na nashukuru.

Na hapa kuna mtego, wengi wanaanguka. Wanasema, "Aa, mimi wateja wangu wote wako WhatsApp, niko salama." Hapana dada. WhatsApp nayo ni kibaraza. Ukiwatumia watu wengi kwa pamoja wakaanza kukuripoti, akaunti inafungwa. Simu ikiibiwa stendi na hukuhifadhi nakala, namba zimekwenda nayo. Halafu ile brodkasti mnayoitegemea, orodha moja mwisho ni watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hapati kitu na wewe hujui. Unakaa unasema wateja wamekauka, kumbe ujumbe haujafika. Ndiyo maana kila mzigo ninaotoa naweka kikaratasi: "Hifadhi namba hii, andika Nguo za Watoto." Usimwandikie jina la biashara la Kizungu ambalo hatalikumbuka, mwandikie neno ambalo mwenyewe atalitafuta siku akihitaji.

Daftari lenyewe lisikuumize kichwa. Mimi naandika jina, namba ya simu, mahali, alichonunua, tarehe, na kitu kimoja zaidi ambacho ndicho hasa kinaniletea hela: umri wa mtoto. Mtu akinunua suti ya mtoto wa miezi minane mwezi wa pili, najua mwezi wa sita mtoto ana mwaka na ile suti haimtoshi tena. Namwandikia: "Mama, mtoto keshakua? Nina saizi ya mwaka mmoja, rangi zipo tatu." Hujui jinsi mama anavyofurahi mtu kumkumbukia mwanawe. Kuna mmoja wa Mwanza nimemvalisha mtoto tangu ana wiki mbili, sasa anaingia chekechea. Mwezi wa kumi na mbili nawapitia wote wenye watoto wa miaka mitano na sita, maana Januari shule zinafunguliwa na mama atatafuta soksi, fulana za ndani na sweta. Hayo ukurasa hauwezi kukuambia. Ukurasa utakuambia watu 900 wameona posti.

Wewe huuzi nguo za watoto, sawa. Unauza mafuta ya nywele? Andika siku aliyonunua, chupa ya kawaida unajua inakwisha baada ya muda gani. Unauza mashuka? Andika saizi ya kitanda, usimuulize tena mara ya pili. Unauza viatu, andika namba ya mguu. Muuza keki asiye na tarehe za kuzaliwa za watoto wa wateja wake, huyo simwelewi kabisa! Kuna walioniambia bidhaa zao mtu hanunui mara mbili, kama yule dada wa makochi. Nikamuuliza, kwani mwenye kochi hana dada, hana shoga, hana jirani aliyeingia sebuleni akauliza umenunua wapi? Mpigie baada ya mwezi umuulize kochi linaendeleaje. Mara nyingi jina la mtu mwingine litatoka hapo.

Namba utaipataje bila kuonekana msumbufu? Hii naipenda kwa sababu ni rahisi: mteja anakupa mwenyewe. Bodaboda hawezi kufika bila namba, basi halichukui mzigo bila namba. Iko mkononi mwako kila siku na unaiacha ipite. Unachotakiwa ni kuuliza swali moja tu mkimalizana: "Mzigo mpya ukiingia nikutaarifu kwa namba hii?" Akisema ndiyo, weka tiki. Akisema hapana, weka mkasi, namba yake utaitumia kupeleka mzigo tu. Hii si adabu peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya mteja ni taarifa yake binafsi hata ukiiandika kwenye daftari la kurasa arobaini. Kwa hiyo hao wanaouziana orodha za namba, au wanaochukua namba za kwenye grupu la harusi na kuzitumia kuuzia sabuni, wasije kusema niliwatuma mimi.

Na ukishaipata, tulia nayo. Mimi mteja mmoja simwandikii zaidi ya mara mbili kwa mwezi, na kila ninapomwandikia nina sababu. Kuna muuzaji ananitumia "Good morning, Mungu akubariki" kila siku saa kumi na mbili asubuhi na picha ya ua. Nimemzima sauti tangu mwaka jana. Siku akiwa na ofa ya kweli sitaiona.

Kuhusu usalama nitapita haraka maana mnayajua, ila hamyafanyi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na kwenye ukurasa, leo. Namba sita za uthibitisho haombwi mtu, hata akijiita ofisi ya mtandao, hata akiwa shemeji yako. Mtandao wenyewe ukikuonya, funga hiyo meseji, ingia kwenye programu yenyewe uangalie kama onyo lipo. Laini ya biashara iwe kwa kitambulisho chako. Kuna mtu anauza mamilioni kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la ex wake, jamani! Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Matapeli wa meseji waripoti 15040. Na daftari lipige picha kila mwisho wa mwezi, uzitunze kwenye barua pepe, kwa sababu daftari nalo linaungua, linaloa, mtoto analichora.

Wengi mnaosoma hapa mnaweza kuanza usiku huu. Usisubiri mteja mpya. Fungua meseji za pesa za miezi mitatu nyuma. Tafuta vile vikaratasi vya basi, kwenye mkoba, kwenye droo, chini ya godoro. Muulize bodaboda wako. Hesabu majina. Kuna watakaopata 20 wakasikitika wakati ukurasa unasema 5,000. Usisikitike, ndiyo hao hao walikuwa wanakulisha siku zote.

Ukurasa wangu wa zamani bado upo. Juzi shoga yangu kanionyesha, sasa unauza dawa za kuongeza makalio, na picha yangu na mwanangu hawajaitoa. Una wafuasi wengi kuliko nilipouacha. Daftari langu la kwanza nalo lilijaa mwezi wa tatu, nimeanza la pili. Hili nimelivalisha jalada la nailoni, maana lile la kwanza lilimwagikiwa uji na mama wawili wa Dodoma nikawasoma kwa kubahatisha, mmoja nikamtumia nguo za kiume ana binti.